Matembezi katika Mji wa Unguja

(Hotuba kwa wazee, walimu na wasomaji wa vijijini)



Tumetakiwa kusema nanyi juu ya mji wa Unguja: jinsi ya kuufikia, jinsi ya kwenda huku na huku ndani yake, na mambo yapasayo kutazamwa. Twajua kwamba wengi wenu hamjapata kuvuka bahari, na kwamba kwa mtu wa Tabora, au wa Songea, au wa Mwanza, safari hiyo si jambo dogo. Nauli ni fedha, na siku za kuliacha shamba ni fedha pia. Kwa ajili hiyo hatutaki kuwapa sifa tupu za mji mzuri ulio kando ya maji. Twataka kuonyesha kwa nini mtu wa bara aende huko, na akiisha kufika afanye nini, ili gharama yake isipotee bure.

Neno la kwanza ni hili: mji ule si mgeni kwenu. Lugha hii tunayosema sasa ilipimwa kwa kipimo cha mji huo. Mwaka 1928 walikutana Mombasa wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki, wakachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na cha shule. Na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Basi mtoto asomaye shuleni Kigoma au Mbulu husoma kwa ulimi wa Unguja, hata kama hajaiona bahari.

Tena, mali iliyojenga majumba yake ilitoka kwenu. Pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani kutoka Manyema, Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, mwendo wa miezi, zikapakiwa majahazini. Wachukuzi wengi walikuwa Wanyamwezi, waliokwenda kwa ujira. Na pamoja nao walikuja watu wengine, ambao hawakwenda kwa hiari wala kwa ujira, nao wengi hawakurudi. Kwa hiyo mtu wa bara anapokanyaga njia za mji ule, atazama kazi ya mikono ya babu zake. Yampasa atazame kama mwenye haki ya kujua, wala si kama mpita njia.

KUVUKA BAHARI

Zamani vyombo vilingoja pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Mabaharia walikaa miezi kadha wakingoja pepo zigeuke. Siku hizi meli za mwendo wa kasi huvuka kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, na ndege huvuka kwa dakika ishirini au zaidi kidogo. Msafiri achukue kitambulisho chake. Na mtu wa nchi nyingine achukue pasipoti, kwa maana Unguja husimamia ukaguzi wake wa bandarini.

Tikiti inunuliwe katika ofisi ya chombo chenyewe. Hapo bandarini, upande huu na upande ule, wapo vijana waitwao papasi, ambao humwandama mgeni na kumwambia kwamba ofisi imefungwa, au tikiti zimekwisha, ila wao wanayo moja. Mjibuni kwa upole, kisha mpite. Wengine katika hao ni vijana wema watafutao riziki, wala si vema kuwatukana. Lakini fedha za safari zisipitie mikononi mwao.

Liko jambo kubwa kuliko fedha. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1911 haukumbukwi na mtu. Lakini usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 hautasahauliwa Unguja na Pemba. Usiku huo meli iliyoitwa Spice Islander, iliyokuwa ikienda Pemba, ilizama baharini. Ilikuwa imepakia watu wengi mno kupita kipimo chake, na mamia walikufa maji. Haukupita mwaka mzima, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama pia karibu na kisiwa cha Chumbe. Twawaambia haya si kuwatia hofu, maana maelfu huvuka kila juma kwa salama. Twawaambia ili mjue kwamba chombo kikijaa kupita kiasi, msafiri anayo haki ya kubaki nchi kavu, na mwalimu mwenye wanafunzi hana haki tu, bali ana wajibu. Kesho iko meli nyingine.

UFUKWENI

Bandari iko Malindi, upande wa kaskazini wa mji. Ukitoka langoni, ufuate njia ya ufukweni, bahari ikiwa mkono wako wa kuume. Ni mwendo wa dakika chache, lakini katika dakika hizo utapita mbele ya miaka mingi.

Nyumba ya kwanza kubwa ni ile iliyokuwa zahanati, yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha lasi. Aliyeianzisha ni tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Yeye alikufa kabla haijakwisha. Ikamalizika mwaka 1894. Baadaye ilichakaa hata ikawa karibu na kuanguka, na katika miaka ya 1990 ikatengenezwa upya na shirika la Aga Khan. Iangalieni vizuri, maana tutairudia.

Mbele yake liko jumba la Beit al-Sahel, walimokaa masultani mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tangu mwaka 1994 limekuwa nyumba ya makumbusho. Humo chumba kimoja kimewekwa kwa ajili ya Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani akaolewa na mfanyi biashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikapigwa chapa Ujerumani. Wanawake wetu wasomao watafurahi kujua kwamba alijifundisha kuandika kwa siri, wakati ambapo wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma tu.

Kisha lafuata jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani kuzunguka pande zote, nalo lilikuwa la kwanza mjini kuwashwa taa za umeme. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Sultani Hamad alipokwisha kufa na Khalid bin Barghash akashika jumba bila ya idhini ya Waingereza, manowari za Kiingereza zililipiga eneo hilo kwa mizinga. Vita vile havikufika saa moja. Watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na nyumba iliyokuwa jirani ikaharibika kabisa. Lakini Beit al-Ajaib ikasimama.

Sasa sikilizeni. Jumba hilo lililostahimili mizinga halikustahimili maji ya mvua. Kwa miaka mingi maji yaliingia darini, mbao zikaoza, chuma kikaliwa na kutu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa ule ulidai roho za watu. Mgeni akifika hapo asiulize tu lilikuwa na urefu gani. Aulize maji yalianza kuingia mwaka gani, na nani aliyaona.

Mbele ya jumba ni bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 kwa sherehe ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, ikafanywa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Jua likitua, wauzaji huweka meza zao na taa zao: pweza, mishikaki, kachori, urojo, na maji ya miwa yaliyokamuliwa papo hapo. Uliza bei kwanza, ndipo ule. Mwenye kula kwanza hulipa bei ya mgeni.

Kando ya bustani iko Ngome Kongwe. Wareno walijenga kanisa dogo mahali hapo. Na Waarabu wa Omani, walipokwisha kuwafukuza Wareno pwani hii mwaka 1698, wakajenga ngome. Imekuwa boma la askari, na gereza, na siku hizi ni mahali pa ngoma, michezo na maonyesho. Kuta zake ni nene, na kivuli chake ni kizuri kwa kupumzika saa za mchana.

KATIKA VICHOCHORO

Sasa twaingia ndani. Mji Mkongwe hauna njia pana. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kujibana ukutani, navyo havikunyoka. Wageni wengi hudhani ni machafuko, sivyo. Wembamba huo huleta kivuli karibu mchana kutwa, na upepo wa bahari hupenya humo ukapoza nyumba. Wajenzi wa zamani hawakuwa na mashine ya kuleta baridi, lakini walijua jua linapita wapi.

Motokaa haziingii. Mtu huenda kwa miguu, na mizigo huchukuliwa na mahamali kwa mikokoteni. Ukisikia nyuma yako, “Hodi! Hodi!” jisogeze upesi ukutani, ni hamali, au ni mtu wa pikipiki. Wala usiogope kupotea. Mji wenyewe si mkubwa, umezungukwa na bahari pande zaidi ya moja, na upande wa mashariki iko barabara kuu ya Darajani. Shika njia moja bila kuzunguka-zunguka, nawe baada ya robo saa hivi utatokea baharini au Darajani. Alama nyingine ni minara miwili ya kanisa la Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa katika miaka ya 1890. Huonekana juu ya mapaa kutoka pande nyingi.

Lakini njia iliyo bora ya kujua njia ni kuuliza. Mbele ya nyumba nyingi yako mabaraza ya mawe, na wazee huketi hapo wakinywa kahawa na kuzungumza. Usimwendee mzee na swali mkononi kama mtu adaiye. Mwamkie kwanza, “Shikamoo,” au “Asalaam alaikum”. Uulize hali yake. Ndipo uulize njia. Huenda akakuonyesha njia, na huenda akakuambia pia nyumba ile ilikuwa ya nani. Mara nyingi hilo la pili lina thamani kuliko la kwanza.

Tazameni jinsi nyumba zilivyojengwa, hasa nyinyi mnaosimamia kazi za ujenzi vijijini. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakashikanishwa kwa chokaa na udongo, kisha zikapakwa chokaa. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hazipati kuwa ndefu sana, vyumba navyo huwa vyembamba na virefu; mti umeamua ukubwa wa chumba. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa jua. Mtu akija akaupaka saruji kwa kudhani anautia nguvu, maji hufungiwa ndani, boriti huoza vichwa, na siku moja dari hushuka. Nyumba nyingi zimekufa kwa dawa, si kwa ugonjwa.

Kuna sababu nyingine pia. Baada ya mwaka 1964 wenyewe wengi waliondoka, nyumba zikawa za serikali, na jamaa nyingi zikakaa katika nyumba moja, kila jamaa chumba chake. Nyumba ya watu kumi aghalabu haina mwenye kupanda darini kuziba tundu. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi mji, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuandikwa ni heshima, lakini orodha haipandi darini.

Milango pia itazameni. Ile ya zamani ya Kiarabu ni ya mraba juu, yenye maandishi ya Kurani katika kizingiti cha juu, na nakshi za samaki, mnyororo na maua. Ile ya Kihindi ina upinde juu, na baadhi ina misumari mikubwa ya shaba, desturi iliyotoka Bara Hindi, ambako milango ililindwa kwa misumari ya namna hiyo isisukumwe na tembo wa vita. Unguja hapakuwa na tembo wa vita. Misumari ikabaki kuwa pambo na alama ya utajiri.

MKUNAZINI

Sasa twafika mahali ambapo twawaomba mvue kofia. Katika mtaa wa Mkunazini lilikuwapo soko la watumwa. Hapo waliuzwa wanaume, wanawake na watoto walioletwa kutoka bara: kutoka ziwa Nyasa, kutoka ziwa Tanganyika, na kutoka nchi zilizo ng'ambo yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akilazimishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara hiyo ya baharini, na soko likafungwa. Lakini msidhani kwamba utumwa ulikwisha siku ile. Biashara iliendelea kwa siri, na hali ya utumwa haikufutwa kwa sheria Unguja mpaka mwaka 1897.

Katika uwanja wa soko lile wamisionari wa Kiingereza walijenga kanisa kuu. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, na kazi ikasimamiwa na Edward Steere, aliyekuwa askofu mwaka uliofuata. Ndiye huyo aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili na kukusanya hadithi kutoka vinywani mwa watu wa Unguja. Alikufa mwaka 1882, naye amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Ndani umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Chini ya mti huo ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyekufa mwaka 1873. Wazee, msisahau ni nani waliouchukua mwili wake kutoka huko hata Bagamoyo: Chuma na Susi, pamoja na wenzao, Waafrika, kwa miguu yao, miezi mingi, wala hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha.

Nje ya kanisa liko shimo la mraba, na ndani yake zimesimama sanamu tano za mawe, watu waliofungwa minyororo shingoni. Zilichongwa na mwanamke wa Uswidi, Clara Sörnäs, na kuwekwa mwaka 1998. Miili imezama nusu ardhini, na nyuso hazitazami mtu. Hapo mgeni wa bara hasimami kama mgeni wa Ulaya asimamavyo. Yule hutazama mambo ya watu wengine. Sisi twatazama, nasi hatujui kama ni ndugu ya babu yetu aliyesimama pale. Wala hatujui kama ni babu yetu aliyemuuza. Maana watumwa hawakukamatwa na wageni peke yao. Wakuu wengine wa bara waliuza mateka wao kwa nguo na bunduki, na wengine waliwaficha na kuwalinda wakimbizi. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko asiwaambie nusu moja ya habari. Awaambie zote mbili, kwa sauti ya chini, kisha awaache wanyamaze.

DARAJANI NA NG'AMBO

Kutoka Mkunazini si mbali kufika Darajani, lilipo soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Jina la mahali hapo lina maana. Zamani liliingia hapo hori la bahari, likautenga mji wa mawe na upande wa pili, na watu walivuka darajani. Upande huo wa pili ukaitwa Ng'ambo. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, kazi ikamalizika katika miaka ya 1950. Daraja likatoweka, jina likabaki.

Wageni wengi huishia hapo, wakarudi baharini. Twawasihi msifanye hivyo. Ng'ambo ndiko walikokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wapishi, na watumwa walioachwa huru. Ndio watu walioutumikia mji wa mawe. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo na makuti, kwa hiyo wapiga picha hawakuzitazama. Mwaka 1928 wakazi hao walipatana kukataa kulipa kodi ya viwanja, kwa kuwa waliona kwamba wanaonewa. Huko ndiko alikokaa Siti binti Saad, aliyezaliwa kijiji cha Fumba, akauza vyungu vya udongo alivyofinyanga mama yake, kisha akawa mwimbaji wa kwanza wa kike wa pwani yetu ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri, huko Bombay, mwaka huo huo wa 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mtoto wa kijijini aliyeanza na vyungu kichwani! Habari hiyo yafaa kusomwa katika kila shule ya wasichana.

Ng'ambo ya sasa ina nyumba ndefu za ghorofa za Michenzani, zilizoanzishwa na serikali ya Mzee Abeid Amani Karume baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Wako wazisifuo, wako wasiozipenda. Nendeni mkatazame wenyewe, mkaulize waliomo. Na upande wa Mnazi Mmoja iko nyumba nyeupe yenye kuba, Beit el Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa makumbusho ya amani baada ya vita kuu ya kwanza.

Kwa mwendo wa mbali, panda daladala. Mbele ya gari imeandikwa njia yake. Uliza kabla ya kupanda, na uwe na fedha ndogo ndogo mkononi. Njia ya kaskazini kwenda Bububu yafaa sana kwa siku moja. Zamani reli ndogo ilipita huko: ilianza kazi mwaka 1905, ikitoka karibu na Ngome Kongwe hata Bububu, maili saba, ikakoma katika miaka ya 1920. Katika njia hiyo utaona nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho, na magofu ya Maruhubi, jumba la Barghash lililoteketea kwa moto mwaka 1899. Zimebaki nguzo, na birika, na miembe.

ADABU YA MGENI

Unguja ni mji wa dini, na watu wake wengi ni Waislamu. Mgeni avae nguo za heshima, mwanamke na mwanamume. Nguo za kuogea ni za pwani, si za sokoni. Asiingie msikitini bila ya ruhusa. Mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe njiani mchana. Asipige mtu picha bila ya kumwomba, hasa wazee na wanawake. Na asiibishane bei kwa ukali. Apunguziwe kwa maneno mazuri, maana watu wa pale wanapenda maneno mazuri, nao huyajua kuliko sisi.

MANENO YA MWISHO

Wazee na walimu, tumesema habari za safari, lakini shabaha yetu haiko ng'ambo ya bahari tu. Njia ile iliyoishia Mkunazini ilianza kwenu. Inapita Ujiji, walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Inapita Kwihara karibu na Tabora, ilipo tembe waliyokaa. Inashuka Bagamoyo. Na kati ya mahali hapo panapojulikana pako vijiji vingi visivyoandikwa: kisima cha misafara, mwembe wa kupumzikia, kaburi la mchukuzi asiyejulikana jina, boma la udongo ambalo mvua yalila kila mwaka.

Basi twaomba mambo mawili. Kwa walimu: kabla ya kuwapeleka watoto Unguja, wapelekeni kwanza kwa mzee wa kijiji aliye mkongwe kuliko wote, waandike ayasemayo, siku, majina na mahali, kisha waende na daftari hilo mjini. Mwenye kujua mwanzo wa njia huelewa mwisho wake. Kwa wakuu wa vijiji: kila mwaka, kabla ya masika, teueni watu wawili waende watazame nyumba za zamani zilizo katika eneo lenu, wapande, waangalie mapaa, nao waje waseme mbele ya baraza palipo na tundu. Ngazi moja na debe la chokaa haviwezi kuishinda bajeti ya kijiji. Mji wa Unguja umetuonyesha pande zote mbili: zahanati ya kale iliyotengenezwa kabla haijaanguka ingali imesimama, na Nyumba ya Maajabu, mwendo mfupi kutoka hapo, iliporomoka na watu chini yake.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Atakayekwenda, Mungu amvushe salama. Na akirudi, asiache kuwasimulia wale waliobaki shambani.